Waltz for Debby ya Bill Evans: toleo lipi linastahili hela yako

Ukiandika Waltz for Debby, albamu ya jazz ya mpiga piano Bill Evans, kwenye duka lolote la mtandaoni, yatakujia matoleo mpaka uchoke: CD za mtumba za bei ya chakula cha mchana, santuri mpya, santuri mbili za kasi ya 45 (mizunguko 45 kwa dakika), kasha la CD tatu, na nakala ya kwanza kabisa ambayo muuzaji anataka mamia ya dola. Muziki ni uleule. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kununua mara moja, asijute.

Tukumbushane kwanza kinachouzwa. Jumapili ya tarehe 25 Juni 1961, kwenye klabu ya Village Vanguard iliyo chini ya ardhi mjini New York, Bill Evans alikaa kwenye piano, Scott LaFaro akashika besi kubwa ya kusimama, Paul Motian akakaa nyuma ya ngoma. Walipiga awamu tano, mbili mchana na tatu usiku, na lebo ya Riverside ikarekodi zote chini ya mtayarishaji Orrin Keepnews. Siku 11 baadaye, tarehe 6 Julai, LaFaro akafa kwa ajali ya gari akiwa na miaka 25. Evans aliumia kiasi kwamba alikaa miezi bila kupiga mbele ya watu.

Albamu ya kwanza kutoka, Sunday at the Village Vanguard, ilichaguliwa kwa makusudi nyimbo zinazomwonyesha LaFaro. Zilizobaki ndizo zikawa Waltz for Debby, iliyotoka 1962. Kwa hiyo albamu ambayo watu wengi wanaipenda kuliko zote za Evans ilikusanywa kutoka kwenye masalio. Debby mwenyewe alikuwa mtoto wa Harry, kaka yake Evans.

Kwa nini bado inauzwa baada ya miaka zaidi ya 60? Sikiliza wimbo uliobeba jina la albamu. Unaanza piano na besi peke yao, mwendo wa waltz, moja-mbili-tatu, na LaFaro hamsindikizi Evans: anamjibu, anapanda juu kwenye nyuzi nyembamba, anaacha pengo, anarudi. Kisha Motian anaingia na brashi, hesabu inageuka kuwa ya nne, na wimbo mzima unaanza kutembea. Kwenye trio nyingi (bendi za watu watatu) za wakati ule piano ilisema na besi ikahesabu. Hapa watu watatu wanaongea, na hakuna anayemkatiza mwenzake. Nyuma yao unasikia glasi zikigongana na wateja wakipiga soga kana kwamba ni Jumapili ya kawaida tu. Kwao ilikuwa hivyo.

Basi kipimo changu ni hicho: toleo zuri ni lile linalokuwezesha kusikia besi vizuri, brashi zikikwaruza ngozi ya ngoma, na chumba chenyewe. Jalada, uzito wa santuri na hadithi ya muuzaji vinakuja baadaye.

1. CD ya kawaida, hata ya mtumba

Najua wapenzi wa santuri watanuna. Lakini huu ni muziki wa sauti ya chini sana. My Foolish Heart, unaofungua albamu, ni polepole mno, na nusu ya uzuri wake ni jinsi toazi la Motian linavyofifia kati ya noti mbili za piano. Mkwaruzo mmoja wa sindano pale, na umeharibu. CD haina mkwaruzo. Tafuta zile zenye maandishi Original Jazz Classics, mfululizo ambao kampuni ya Fantasy iliuanzisha miaka ya 1980 baada ya kununua hazina ya Riverside. Namba ni OJC-210. Nyingi zina nyongeza: nyimbo zilezile zilizopigwa kwenye awamu nyingine za siku hiyohiyo, na hapo ndipo unaona kwamba Evans na wenzake hawakuwa na toleo moja la kukariri. Detour Ahead mara ya kwanza na mara ya pili si wimbo mmoja.

Ni nyepesi, inapita posta bila kuvunjika, na hata ushuru wa forodha ukikukuta hautakuumiza. Kama huna kicheza CD, kompyuta yenye sehemu ya CD inatosha: hamisha faili bila kubana sauti, uweke kwenye simu, uvae hedifoni nzuri.

2. Kasha la CD tatu

The Complete Village Vanguard Recordings, 1961, lililotoka 2005, lina awamu zote tano kwa mpangilio wa siku yenyewe. Linaanza na Gloria's Step ambayo inakatika katikati kwa sababu umeme ulizingua. Msomaji wa Dar au Nairobi atacheka, maana hilo tunalijua. Linaishia na Jade Visions, utunzi wa LaFaro mwenyewe, waliyoipiga mara mbili mfululizo usiku ule, kisha vipande vichache vya mwisho.

Ningeliweka namba moja kwa mtu ambaye tayari anaijua albamu. Kwa mgeni ni kingi mno: wimbo uleule mara tatu ndani ya saa chache utamchosha kabla hajaupenda. Nunua CD moja kwanza, ukiona unaisikiliza kila wiki, rudi uchukue kasha. Kuna pia kasha la santuri nne la 2014, zuri kulishika, ila uzito wake utauona kwenye gharama ya usafiri.

3. Santuri mpya ya Craft

Kampuni ya Craft Recordings iliufufua mfululizo wa Original Jazz Classics mwaka 2023, na Waltz for Debby ikawa miongoni mwa za mwanzo. Imechongwa na fundi wa sauti Kevin Gray moja kwa moja kutoka kwenye tepu za asili, bila kupitia dijitali, na bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 40. Kama una mashine nzuri ya santuri, hii ndiyo ya kununua na usihangaike zaidi. Besi ni nene na iko mahali pake.

Neno "nzuri" hapo lina kazi. Zile mashine za begi zenye spika ndani yake hazifai kabisa kwa albamu hii. Zinakula besi, na ukiondoa besi hapa umemwondoa LaFaro. Hela ya santuri iongeze kwenye mashine, au rudi namba moja.

4. Santuri mbili za kasi ya 45

Analogue Productions waliitoa kwa wale wanaotaka kila tone la sauti. Tofauti ipo. Lakini unasimama kugeuza santuri kila baada ya nyimbo chache, na mimi sitaki kusimama katikati ya albamu hii.

5. Kusikiliza kwa mtandao

Kujaribu, sawa. Kama bando si tatizo kwako, weka ubora wa juu kabisa kwenye mipangilio. Angalia tu usichanganyikiwe, maana nyongeza zimechomekwa kati au mwisho, na albamu ya asili ina nyimbo sita tu: inaisha kwa Milestones, ya Miles Davis, ambamo LaFaro anachukua nafasi ndefu peke yake.

6. Santuri za bei rahisi kutoka Ulaya

Huko rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 hazilindwi tena na haki ya rekodi, kwa hiyo yeyote anaweza kuzichapa kihalali. Shida ni kwamba wachapaji wengi hawasemi sauti wameitoa wapi. Mara nyingi unalipia santuri iliyochongwa kutoka kwenye CD. Sasa si bora ungenunua CD?

7. Nakala ya kwanza ya Riverside

Namba yake ni RLP 399, au 9399 kwa stereo. Hiyo ni mali ya kukusanya. Kama unataka kusikia muziki, iache. Nakala za miaka hiyo zimepitia mikono na sindano nyingi, na ile iliyo safi kweli itakugharimu kuliko vyombo vyako vyote. Usitegemee pia kuiokota kwenye vibanda vya santuri kama vile vya Kenyatta Market, Nairobi: huko utakuta zaidi rumba, benga na soul, ambazo nazo ni sababu tosha ya kwenda.

Ukishaimaliza na hamu ikabaki, usikimbilie albamu za Evans za miaka ya 1970. Kwanza chukua Sunday at the Village Vanguard, nusu nyingine ya siku ileile. Kisha zile mbili trio hii ilizorekodi studio: Portrait in Jazz ya Desemba 1959 na Explorations ya Februari 1961. Zote zipo kwenye CD za Original Jazz Classics, na ukizinunua pamoja kwa muuzaji mmoja utalipia usafiri mara moja.