Mbegu za mboga kwa msimu mkavu: ipi ununue, ipi uache

Ukiingia duka la pembejeo ukaulizia mbegu ya nyanya inayovumilia ukame, usishangae kupewa pakiti ya mbegu zilizopakwa rangi nyekundu au kijani. Mara nyingi rangi hiyo huashiria dawa ya ukungu, kama thiramu, au ya wadudu. Inaukinga mche na kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kitaluni, lakini kwa kiu haisaidii. Kwa shida ya ukame naiweka mkiani.

Namba moja kwangu ni mbegu isiyopakwa dawa, yenye lebo ya wathibitishaji wa ubora wa mbegu, TOSCI kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kisha uiloweke mwenyewe. Nyanya au bamia, tia kwenye maji safi jioni. Asubuhi chuja, anika kivulini juu ya kitambaa mpaka ziache kunata vidoleni, kisha uzisie siku hiyohiyo. Mbegu inakuwa imeshakunywa maji ya kuanzia, kwa hiyo huota mapema na kwa pamoja, na mzizi hushuka kabla udongo wa juu haujakauka. Usizidishe muda. Ncha nyeupe ya mzizi ikishachomoza, ukiianika inakufa. Na zile za rangi usiziloweke kamwe: dawa itaoshwa, na sumu itabaki mikononi mwako.

Ukibakiwa na fedha, chukua Trichoderma, kuvu rafiki anayeuzwa kama unga wa kupaka mbegu. Huishi kwenye mizizi na kupambana na kinyausi, na mzizi mzima ndio unaofika mbali kutafuta maji. Ni kiumbe hai, hivyo soma tarehe ya mwisho, ikatae pakiti iliyoanikwa juani dukani, wala usimchanganye na dawa ya ukungu.

Mbegu zilizoloweshwa na kukaushwa kiwandani zinamfaa anayeotesha miche ya biashara kwenye trei. Ni ghali na hazikai muda mrefu. Nunua za kusia mara moja tu. Naitreti ya potasiamu, chumvi ya mbolea, gramu 10 kwa lita ya maji, nayo hutumika kulowekea mbegu za nyanya, ila ukikosea kipimo unaharibu mbegu. Kwa kitalu cha nyumbani sioni haja.

Chupa ya "kuamsha mbegu" isiyotaja kiambato wala namba ya usajili, irudishe rafuni.

Vyovyote utakavyochagua, wiki moja kabla ya kuhamishia miche shambani punguza maji na kivuli kidogokidogo. Kazi hiyo ya kuizoesha jua na ukavu hakuna dawa ya mbegu inayoifanya.