Zulia la vipande katika vyumba vya gesti South C: uzoefu wangu

Gesti yetu iko South C, Nairobi, na anayeijua South C anawajua wageni wetu. Kuna wanaoshuka treni ya Madaraka Express usiku na kesho yake wana ndege. Kuna waliotoka Garissa au Wajir kuleta mgonjwa hospitalini, na mwisho wa wiki huja jamaa za harusi, vyumba vikajaa mashangazi na mabinti. Wengi wao huvua viatu mlangoni, na maisha yao chumbani yanakuwa chini: wanaswali chini, wanakula chini, wanapiga pasi chini, watoto wanalala chini. Ulipofika wakati wa kubadilisha mazulia ya vyumba vyote tisa, nilinunua nikiwafikiria watu hao. Nimekaa na zulia jipya masika yote na baridi ya Julai ndipo naandika.

Nilichochagua ni zulia la vipande vya mraba, sentimita 50 kwa 50, la nailoni, nyuzi za vitanzi vifupi, mgongo (yaani upande wa chini) wa lami. Nimeridhika nalo, ukiondoa mambo mawili nitakayoyaeleza mbele. Sababu kubwa kuliko zote ni hii: kipande kikichafuka nakitoa, nakipeleka uani, nakimiminia maji mpaka yatoke safi, nakirudisha. Mtoto akikojoa kwenye zulia la ukuta hadi ukuta utafuta juu, utapuliza manukato, lakini mkojo umeshaingia kwenye sponji ya chini na huwezi kuusuuza hapo ulipo. Mgeni anayeswali anajali twahara ya mahali anapoweka paji la uso wake, na mimi kama mwenye nyumba nataka nikimwambia sakafu ni safi niwe nasema kweli.

Nilianza kutafuta Eastleigh, ambako chaguo ni tele, nikapita Biashara Street, nikamalizia kwenye maghala ya Industrial Area. Jambo la kwanza la kujihadhari nalo madukani ni gramu. Kijana mmoja alinifunulia roli akaniambia, "Mama, hii ni ya hoteli kubwa kubwa, ina gramu elfu moja mia nane kwa mita mraba." Nikamuuliza, "Uzi peke yake una gramu ngapi, mwanangu?" Ikabidi aende kumuuliza mkubwa wake. Uzito unaotajwa mara nyingi ni wa zulia zima, pamoja na mgongo na gundi, na mgongo mzito hausaidii kitu pale mguu unapokanyaga. Omba uzito wa uzi peke yake. Usipopewa, kunja sampuli kwa nje kama unayekunja chapati na utazame mkunjo: ukiuona mgongo waziwazi kati ya mistari ya nyuzi, zulia hilo litalala mapema penye mapito, yaani mbele ya kitanda na mlangoni.

Usichague kwa kupapasa. Mazulia ya manyoya marefu ni matamu mkononi, na sebuleni kwako yatakufaa. Katika chumba cha wageni yanashika vumbi, makombo ya mkate na nywele, na magurudumu ya masanduku yanayachorea njia. Vitanzi vifupi vilivyobanana havipendezi sana mkononi lakini havilali upesi, na mashine ya kufyonza vumbi inapita bila kuhangaika. Angalizo moja tu: mwenye kufuga paka asichukue vitanzi, maana kucha ikinasa uzi utafumuka mstari mzima.

Maduka mengi yanakupa kipande cha sampuli ukiomba kwa heshima. Nilivibeba nyumbani, vya polipropilini (aina ya plastiki), vya nailoni na kimoja cha sufu iliyochanganywa na nailoni, asilimia 80 kwa 20, mchanganyiko unaotumika sana katika hoteli kubwa. Nikavipa mambo ambayo wageni wangu huyafanya.

Chai ya maziwa haikuwa shida kwa yoyote, mradi ifutwe mapema. Mafuta ya nazi yaliniambia zaidi. Polipropilini hainywi maji, na ndiyo maana wauzaji wanaisifu kwa madoa, lakini mafuta inayakumbatia. Ulipaka, ukafuta, siku chache baadaye pale pale pana kivuli cheusi kwa sababu vumbi limegandia. Katika nyumba ambayo watu wanapaka mafuta mwilini kisha wanakaa chini, hilo si jambo dogo.

Pasi ndiyo iliyoamua. Mgeni akitaka kunyoosha kanzu ya Ijumaa hatafuti meza, anatandika blanketi sakafuni. Polipropilini inayeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, na pasi iliyowekwa kwenye alama ya pamba inafika karibu 200. Niligusisha ncha ya pasi kwenye sampuli na nyuzi zikageuka ngozi ngumu inayong'aa, kovu lisilotoka. Nailoni ya kawaida inayeyuka kuanzia 220, na aina ile wanayoiita 6,6 inakwenda hadi 260 hivi. Si kwamba nailoni haiharibiki, lakini inampa mgeni nafasi ya kuinyanyua pasi yake. Sufu iliwashinda wote hapo: iliungua kidogo, ikanuka kama nywele zilizoungua, ikajizima yenyewe. Ningekuwa na vyumba viwili tu ningetia sufu bila kufikiri, lakini kwa vyumba tisa bei yake ilinizidi, na sufu inataka kulindwa na nondo.

Nailoni ina udhaifu mmoja ambao muuzaji hatakutajia kwa kuwa hajawahi kuwa na maharusi gestini: hina. Rangi ya hina inashika nailoni na sufu karibu kama inavyoshika nywele na kucha. Kwenye sampuli ya polipropilini niliifuta ikatoka karibu yote, kwenye nailoni ikabaki doa la kahawia. Tone moja likidondoka, kipande hicho kimekwenda. Kwa zulia la roli ingekuwa sababu ya kutosha kuikataa nailoni. Kwa vipande nabadilisha kimoja, na siku za harusi natandaza mkeka juu, mambo yanakwenda.

Ukichukua nailoni, hakikisha ni ile ambayo rangi imetiwa kwenye plastiki kabla uzi haujavutwa, siyo uzi uliochovywa rangi baadaye. Ya kwanza rangi imeenea mpaka ndani, ya pili imekaa karibu na nje. Kuzijua ni rahisi. Nilidondosha jiki iliyochanganywa na maji kwenye sampuli zote mbili, nikaziacha. Ile iliyochovywa ilifanya doa la rangi ya machungwa, ile yenye rangi mpaka ndani haikubadilika. Wasichana wa usafi hubeba ndoo yenye jiki kutoka bafuni na matone hayakosi njiani, kwa hiyo kipimo hiki nakithamini sana. Kuoshea zulia jiki, hapana; inadhoofisha nailoni hata kama rangi inabaki.

Rangi yenyewe ni ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, madoadoa yasiyo na mpangilio. Nairobi ina udongo mwekundu, na South C siku hizi kila upande pana jengo linapanda, vumbi la saruji halituachi. Zulia la rangi ya maziwa litakuaibisha wiki ya kwanza, na jeusi tupu linaonyesha kila uzi wa taulo. Itazame sampuli chumbani usiku, taa ikiwa imewashwa, maana mgeni mwingi anaingia saa hiyo.

Kuhusu hesabu, watu husema vipande ni ghali, na kwa mita mraba ni kweli. Lakini hesabu mabaki pia. Chumba chetu cha kawaida ni mita 3.5 kwa 4.2, yaani mita mraba 14.7. Roli la upana wa mita 4 linakulazimisha ununue urefu wa mita 4.2, ambazo ni mita mraba 16.8, na ukanda wa nusu mita unabaki mikononi. Kwa vipande, safu nane za vipande saba ni 56, na ukingo wa sentimita 20 unaobaki unapatikana kwa kukata vingine vinne. Jumla 60, mita mraba 15. Ukizidisha mara tisa, pengo la bei linapungua, ingawa haliishi.

Kabla ya kutandika, vyumba vya chini vilipimwa unyevu. Fundi wangu alibandika karatasi ya nailoni ya uwazi sakafuni kwa selotepu pande zote nne, akaiacha mpaka kesho yake. Chumba kimoja cha nyuma kilikuwa na matone chini ya karatasi. "Mama, hapa tukitandika leo, masika ikija utasikia harufu ya gunia," akaniambia. Tukatafuta chanzo, tukakuta bomba la mfereji wa nje linavuja ukutani, likazibwa, chumba kikaachwa wazi mpaka kikakauka. Fundi wa kukuharakisha hapo mkatae.

Nyuma ya kila kipande kuna mshale. Ukielekeza mishale yote upande mmoja sakafu inaonekana kama zulia moja, lakini kosa dogo la kukata linaonekana pia. Sisi tulizungusha kila kipande robo, huyu kaskazini, jirani yake mashariki, na leo nikibadilisha kimoja hakijitangazi. Gundi tuliyotumia ni ile inayobaki inanata bila kugandamana, kipande kinatoka kwa kuinua pembe na kisu butu. Sharti jingine nililomwekea fundi ni kuacha ukanda wa mita moja wa vigae vya kauri mbele ya mlango wa bafu. Mtu akitoka kutawadha miguu inachuruzika, mara tano kwa siku, na hakuna zulia linaloweza kuvumilia hivyo.

Sasa yale mawili yasiyonifurahisha. La kwanza, vipande ni vigumu mguuni. Roli lenye sponji chini yake ni laini zaidi na linameza kishindo vizuri zaidi, na vyumba vya ghorofani bado nasikia sanduku likiangushwa, ingawa hatua za miguu zimepungua mno kulinganisha na sakafu tupu. Nimeweka miswala minene na godoro jembamba la kukalia katika kila kabati, na wazee wanashukuru. La pili ni kukauka. Julai usiku joto linashuka hadi nyuzi 11 au 12, mchana jua halionekani, na kipande kilichooshwa kinaweza kukaa siku mbili na bado kina unyevu. Ni lazima kikauke kikiwa bapa, kivulini penye upepo, maana ukikianika kwenye kamba au juani pakali mgongo wa lami unajipinda na pembe hazilali tena. Bila vipande vya akiba ungekuwa na mashimo sakafuni.

Kwa hiyo nunua akiba, na nunua siku hiyo hiyo, kutoka mkupuo mmoja wa kiwandani. Namba ya mkupuo imeandikwa kwenye kasha, na mikupuo miwili ya rangi ile ile huwa haifanani sawasawa. Mimi nilichukua maboksi mawili ya ziada. Jambo la kuzingatia ni kwamba kipande kipya kutoka boksini kitang'aa kuliko jirani zake waliokanyagwa, basi usikiweke katikati ya chumba. Toa kimoja kutoka chini ya kitanda ukiweke penye doa, na kile kipya kiende chini ya kitanda. Dada anayesimamia vyumba ndiye aliyelianzisha hilo, na sasa ndio utaratibu wetu.

Usafi wa kila siku ni mashine ya kufyonza vumbi basi. Sabuni kidogo mno panapohitajika, na maji safi ya kusuuza, kwa sababu sabuni inayobaki kwenye nyuzi ndiyo inayovuta uchafu mpya.

Ngazi sikuzitia vipande. Kwenye ukingo wa ngazi pembe ya kipande inainuka, na mtu akijikwaa hapo na mtoto mkononi ni balaa. Huko nimetumia ukanda wa roli wa nailoni ya vitanzi, rangi inayokaribiana, na kila ngazi ina ukingo wa alumini uliokazwa kwa skrubu.