Ofisi ya ushauri nasaha chuoni kwetu Tabora: lile daftari lichomwe moto kwanza

Kama kuna mtu wa uongozi anasoma hapa, naomba aanze na daftari. Mengine tutaongea baadaye.

Chuo sikitaji. Ni hapa Tabora, wanaosoma pale watakijua. Tulipoingia mwaka wa kwanza tulikusanywa ukumbini tukaambiwa jamani, mkiwa na msongo wa mawazo msijifungie vyumbani, ofisi ya ushauri nasaha ipo, bure, na kila kitu ni siri. Tukapiga makofi. Sasa ngoja niwaambie hiyo siri ilivyo.

Ukiingia unakutana na kaunta. Juu yake kuna kaunta buku limepigwa mistari kwa rula na peni nyekundu: jina, namba ya usajili, kozi, simu, halafu SHIDA. Hiyo ya mwisho imeandikwa kwa herufi kubwa. Peni imefungwa kwa uzi isije ikaibiwa. Na kwa kuwa ofisi ni hiyo hiyo ya mshauri wa wanafunzi, foleni ni moja: anayeomba ruhusa ya msiba, aliyepoteza kitambulisho, mwenye kesi ya hosteli, anayetaka fomu isainiwe, na wewe ambaye hujalala. Wote mnaandika humo humo. Ukiinama kuandika ya kwako unazisoma za wenzako, ukurasa mzima. Niliona jina la binti wa darasani kwetu, na mbele yake neno moja ambalo silirudii hapa, maana mimi sina tabia za ofisi ile.

Nikaandika "ushauri". Dada wa mapokezi akaligeuza daftari upande wake, akasoma, akaninyanyulia macho.

"Ushauri wa nini? Andika shida."

"Dada, naomba nikamweleze mwenyewe ndani."

Akageuza shingo, akapaza sauti: "Madam, kuna kijana hapa hataki kuandika shida yake!"

Na sauti kutoka ndani, mlango uko wazi: "Muulize, ni sapu au ni mapenzi?"

Foleni ikacheka. Nyuma yangu alikuwepo kiongozi wetu wa darasa, ambaye akijua jambo saa nne, saa sita kundi zima la WhatsApp linalo. Ningeweza kuondoka. Miguu iligoma, kwa sababu kurudi nilikotoka kulikuwa kubaya zaidi.

Shida yenyewe haikuwa sapu, yaani mtihani wa kurudia, wala mapenzi. Mzee wangu anaishi kwa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mwaka ule, 2024, Ziwa Tanganyika lilifungwa lisivuliwe kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na samaki. Ila hela ya nyumbani ilikauka, ada ilikuwa nusu, mitihani imekaribia. Usingizi ukanipotea kabisa. Nasikia saa nane, nasikia saa tisa, adhana inaniita nikiwa macho, halafu kipindi saa mbili. Ugali naukodolea macho mpaka unapoa.

Haya yote nilimweleza madam huku anasaini ruhusa za watu wanaoingia na kutoka. Akauliza kwetu wapi. Nikasema Kigoma. "Aah, mwisho wa reli! Ninyi si mmezoea shida?" Akauliza nasali wapi. Akaniambia nifunge na kuomba, ya ada niende kwa mhasibu, na mtoto wa kiume haendi kwa watu kusema hapati usingizi. Akaita anayefuata.

Nimetulia kidogo, niseme haki. Yule mama ni mwalimu, ana vipindi, ana hosteli, ana kesi za simu zilizoibwa, na ushauri nasaha amerundikiwa juu ya hayo yote. Mtu anayekukalisha kwenye kamati ya nidhamu Jumatatu hawezi kuwa ndiye unayemfungulia moyo Jumanne, na hilo hakulipanga yeye. Hata ningekuwa mimi ningechoka. Lakini mlango? Kuufunga mlango nako kunasubiri bajeti?

Ningeishia hapo ningewaambia msikanyage. Tatizo ni kwamba ofisi ile ile ndiyo iliyonisaidia, na ndiyo maana naandika nikiwa na hasira za pande mbili.

Kulikuwa na binti wa fildi, yaani yuko pale kwa mafunzo ya vitendo, anasomea ustawi wa jamii, amekaa kona akipanga mafaili. Nilipotoka akanifuata nje. "Kaka, samahani kwa yaliyotokea mle ndani. Una dakika chache?" Tukaenda nyuma ya maktaba, chini ya mwembe (Tabora hii miembe haikosekani), akaizima simu yake mbele yangu. Akatoa karatasi yenye maswali tisa. Yote yanahusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya kula, uchovu, kukosa raha, kujiona umeshindwa. Kila moja unajipa kuanzia 0 mpaka 3, jumla ya juu ni 27. Yangu ilivuka 10, akasema kuanzia hapo mtu haachwi aende hivi hivi.

Swali la tisa ndilo lile la kuwaza kwamba heri usingekuwepo. Nilinyamaza. Nilikuwa nimesikia kwamba nchi hii kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na ni kweli, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu. Akaniambia taratibu, kaka, kuwaza si kosa, na kujibu swali langu si kosa, mimi si polisi. Nikajibu. Hakushtuka wala hakuniombea papo hapo. Aliuliza tu kama niko peke yangu chumbani usiku, na nani ninayemwamini ajue. Kuhusu Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, maana hofu ya kila mtu ni kupelekwa Dodoma halafu mtaa mzima useme, alicheka. Akasema hapa hapa mjini kuna hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, mtu anaenda kumwona daktari na kurudi darasani.

Alinisindikiza kwa mhasibu. Ada ikagawanywa kwa awamu kwa barua ya ukurasa mmoja. Barua tu! Ambayo madam angeweza kuisaini kati ya ruhusa na ruhusa. Nilikuwa naenda kwa yule binti kila wiki, usingizi ukaanza kurudi kidogo kidogo, na mitihani nikaifanya.

Halafu fildi ikaisha. Muhula mpya nikaenda kumuuliza, dada wa mapokezi akanitazama, akatabasamu: "Ah, si wewe yule wa kutolala?" Mbele ya watu. Inaonekana binti alikabidhi mafaili kama utaratibu unavyotaka, nao wakayasoma kama gazeti.

Sasa nani amefaulu hapo, chuo au mgeni aliyepita? Mabango bado yapo, na wiki ya kwanza wataambiwa tena ni siri, watapiga makofi. Kama hali yako ni mbaya leo usisubiri msimu wa fildi, nenda Kitete moja kwa moja, na umwambie mtu mmoja wa chumbani kwako. Kama ni jambo dogo, labda jaribu pale, ukibahatika. Hapana, sijui kama nawashauri vizuri.

Nyota mbili. Moja na nusu. Na hiyo nzima ni ya yule binti, chuo kisijisifie.