Mwaka na miezi miwili na baiskeli ya umeme ya kukunja, Mjimwema hadi Posta

Hii baiskeli niliinunua kwa sababu ya pantoni. Naishi Mjimwema, Kigamboni, kazi iko Posta, ng'ambo ya pili mjini Dar es Salaam, na katikati kuna maji. Nikapiga hesabu zangu: umeme unanifikisha Feri, naikunja, navuka nayo kama begi, naikunjua upande wa Kivukoni, dakika chache niko ofisini. Nikamlipa wakala wa mizigo Kariakoo, ikaja kwa meli kutoka China karibu miezi miwili. Hadi inafika mkononi ilishakula shilingi 1,650,000.

Siku ya kwanza pale getini nikaikunja mbele za watu. Unafungua kufuli la katikati ya fremu, unaikunja, unalaza shingo ya usukani, unazamisha kiti, unakunja pedeli. Kwenye video ya muuzaji ni sekunde 15. Mimi zilikuwa dakika mbili na jasho. Kisha nikainyanyua. Tangazo lilisema kilo 17, ila mizani ya duka la nafaka mtaani kwetu baadaye ilisoma 22 na nusu. Geti likafunguliwa, na wanaovuka asubuhi mnawajua, hakuna anayemsubiri mwenzake. Tena ukishaikunja mnyororo unabaki upande wa nje, kwa hiyo nikampaka grisi mama mmoja kwenye khanga. Akanitazama, akaitazama baiskeli. "Mwanangu, hilo dude si lina magurudumu? Lisukume!" Mbele yangu kulikuwa na vijana watatu wa samaki na baiskeli zao za kawaida, matenga nyuma, wanasukuma wanaingia zao. Sijaikunja tena kwenye pantoni tangu siku hiyo.

Sasa tuongelee kinachonifanya niendelee nayo. Mota ni ya wati 250, iko kwenye gurudumu la nyuma, na inakata ikifika kilomita 25 kwa saa. Usiidharau. Kutoka kwangu hadi Feri ni kama kilomita saba, naenda dakika 20 bila shati kulowa, na kwa Dar hilo ndilo la maana kuliko mwendo. Zamani bodaboda na daladala vilikuwa vinanitoa si chini ya 5,000 kwa siku. Betri ni volti 36, ampea-saa 10, yaani wati-saa 360. Kuijaza kutoka sifuri, ukihesabu na umeme unaopotea kwenye chaja, haifiki nusu uniti ya LUKU (umeme wa kulipia kabla). Shilingi 150 hivi. Mke wangu hakuamini, akaikodolea macho mita usiku mzima.

Habari ya tangazo ya kilomita 50 kwa chaji moja, isahau. Mimi nina kilo 84 na begi la kompyuta, napata 30, nikikaza pedeli 35. Halafu kuna upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Juni hivi, asubuhi unanisukuma mgongoni hadi nacheka peke yangu, jioni unanisubiri usoni njia nzima. Siku hizo betri inayoshuka vijiti viwili vya chaji kwenda inashuka vitatu na nusu kurudi. Nachaji ofisini chini ya meza, na hapo ndipo kukunja kulipoanza kulipa. Mlinzi wa jengo alinizuia: "Kaka, pikipiki haziingii humu." Nikaikunja palepale, nikaivalisha mfuko wa turubai niliomshonesha fundi cherehani kwa 25,000. Akauzunguka mara mbili, akasema basi, mzigo ruksa.

Mara nyingine iliyonifaa ilikuwa pancha, saa mbili usiku, mvua inanyesha. Gurudumu la nyuma lina mota, hulitoi kwa spana mbili na nguvu za vidole kama la baiskeli ya kawaida. Kuna waya wa kuchomoa, nati za namba 18, na vishikio vinavyozuia ekseli isizunguke, ambavyo ukivirudisha kinyume unaharibu kila kitu. Sikuthubutu gizani. Nikaikunja, ikaingia kwenye bajaji nyuma, mimi nikakaa nayo kama mgonjwa wangu, 4,000 hadi nyumbani. Kesho yake fundi baiskeli wa kona alilitazama tairi kwa macho tu, akasema yeye gurudumu lenye waya hagusi. Ikabidi nijifunze mwenyewe. Sasa natembea na spana namba 18 na tyubu ya akiba ya inchi 20.

Mvua na chumvi ndiyo maadui zake hasa. Masika iliyopita ilizima katikati ya barabara, skrini nyeusi. Fundi simu (ndiyo, fundi simu, ndiye mwenye subira na waya ndogo) alifungua kile kiboksi cha kuongozea mota akakuta maji na kutu ya kijani kwenye soketi. Alisafisha, akakausha, akaziba na silikoni, 20,000. Tangu hapo kila kiungo cha waya nimekifunga kwa mpira. Bawaba ya fremu nayo, kwa hewa yetu ya bahari, huanza kulia baada ya wiki chache. Nilipuuzia mlio huo hadi nikahisi usukani unacheza mkononi kwenye mteremko, roho ikanitoka. Kuna skrubu ya kukaza kufuli, inataka spana ya L namba 5. Kila Jumapili naikaza na kupaka grisi kwenye pini. Ukiwa mvivu wa hili, nunua isiyokunjika.

Kwa matembezi sina malalamiko. Niliivusha kwa boti kwenda Unguja wikiendi moja, nikaenda hadi Mangapwani kupitia Bububu, lami tambarare, minazi, watoto wananifukuza wakipiga kelele "baiskeli ya moto!" Kurudi chaji ilikata kabla sijafika mjini. Kilo 22 bila umeme, gia moja, magurudumu madogo: mzee mmoja kwenye Phoenix yake nyeusi akanipita, akanisalimia kwa adabu zote, akaniacha. Kwa ndege usijaribu hata kuuliza, betri ya namna hii inayozidi wati-saa 160 hairuhusiwi kwa abiria.

Swali ninaloulizwa sana hapa mtaani ni kama nitaiuza. Bado ninayo. Breki za nyuma zimebadilishwa mara moja, betri imepungua kidogo (nilikuwa nafika na vijiti vitatu, sasa viwili na robo), na tairi la nyuma limeshakuwa kipara. Hilo nasubiri mshahara.