Kiti cha maboksi cha mtoto mwenye mtindio: nakipa nyota nne

Wazazi wenzangu, kile kiti cha makaratasi cha watoto wenye mtindio wa ubongo mnachokionaga kliniki mkadhani ni utani, mi nimemtengenezea binti yangu wa miaka 6 na nakipa nyota nne kati ya tano, hiyo moja ntasema mbele kwanini nimeibania.

Kwa asiyekijua, ni maboksi kweli, haya haya ya sabuni na mafuta. Fundi anayakata anayapanga tabaka juu ya tabaka, gundi yake ni uji wa unga wa ngano, anagandamiza na vitu vizito, anaanika juani, afu anabandika vipande vya karatasi kote ndo anapaka rangi ya mafuta. Utaalamu wenyewe ulianzia Zimbabwe. Kikikauka sawasawa kinagonga kama ubao, mi na kilo zangu 80 na ushee nilikikalia pale pale karakana kabla sijatoa hela, fundi akacheka tu.

Kabla ya hapo tulinunua kiti cha magurudumu duka moja hivi silitaji, kikubwa, mtoto anaserereka mpaka kidevu kinafika kifuani, na ukimlisha akiwa vile anapaliwa. Kwahiyo ikawa namlisha kwanza yeye peke yake nimempakata, wenzie wanasubiri, afu sisi tukikaa kula yeye yuko kwenye godoro anaangalia bati. Hakuna aliyekusudia kumtenga jamani, ni mwili tu haukuwa na pa kukaa.

Hiki kimepimwa kwake. Mtaalamu wa mazoezi alichukua vipimo, upana wa nyonga, paja mpaka nyuma ya goti, goti mpaka kisigino, mgongo mpaka kwapani, akaniandikia nimpelekee fundi. Katikati ya mapaja kuna kigingi kinachozuia miguu isipishane, kuna pa kukanyagia, na kimeza cha mbele kinachotoka. Ila kitu ambacho fundi hakukiwaza ni kwamba sisi tunakula chini. Kiti cha kimo cha kawaida kingemweka juu yetu kama mwenyekiti wa kikao, nikamwambia akifupishe, na miguu lazima ikanyage haiwezi kunyooshwa mkekani, basi sisi tukaacha mkeka tukahamia vigoda na sinia likapanda kwenye stuli. Sasa macho yetu yote yako usawa mmoja na anakula tunapokula.

Rangi alichagua kaka yake, ana miaka 9 na ni Yanga damu, kwahiyo kiti ni kijani na kingo za njano, baba yao Simba mpaka leo anakipita akiguna. Mdogo wao wa mwisho ndo alinuna, kila kitu dada kila kitu dada, na kwakweli alikuwa na haki maana kliniki ni ya dada, mazoezi ni ya dada, nauli ikipatikana ni ya dada. Fundi akachukua mabaki ya maboksi akamtengenezea kigoda chake kidogo rangi ile ile. Nawaambia ukweli, kile kigoda kimenisaidia kuliko hata kiti, mwombeni fundi chochote kwa wale wengine.

Jioni kaka anaweka drafti kwenye kimeza, kete ni vizibo vya soda, anacheza na mdogo wake, binti anasubiri wanogewe ndo anapiga mkono mmoja vyote chini afu anacheka mwenyewe. Juzi kaka kaja jikoni amefura, "mama mwambie huyu ananifanyia makusudi!" Zamani angesema hajui huyo, anaumwa. Nikaenda nikamgombeza binti kama ninavyowagombeza wengine, naye akanuna vizuri tu.

Sasa kasoro. Kuchelewa, niliagiza masika yameanza na karatasi haikauki bila jua, fundi akaniambia kesho kesho hadi nikachoka, agizeni kiangazi. Ukingo wa kimeza ulikuwa unakwaruza mkono nikaushonea sponji na nailoni. Velkro ya mkanda inabeba manyoya ya kila kitu mpaka haishiki. Maji ni adui, uji ukimwagika futa hapo hapo, na usikiache stoo kwenye panya. Hakina magurudumu kwahiyo cha shule ni habari nyingine, na usimkalishe siku nzima, mtaalamu anataka abadilishwe mkao. Na atakua, mtarudi kwa fundi tena.

Mi nimelipa 90,000 pamoja na kigoda, sponji nilinunua mwenyewe Kariakoo. Mkienda semeni mapema kama nyumbani mnakula mezani au chini, maana kimo cha kiti kinatokana na hapo na hamna atakayewauliza.