Nati za loki za Rav4 yangu: nimezing'oa na sizirudishi

Gari nililinunua mkononi hapa Dar, Rav4 ya 2003 iliyotoka Japani, na kwa miaka miwili sikuwahi kuzitazama nati za tairi. Nilikuja kuzitazama juani, Mdaula, ukishaipita Chalinze kuelekea Morogoro, tairi ya nyuma kushoto ikiwa imelala. Nikatoa spana, nikafungua nati ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa mviringo mtupu, haina pembe hata moja, na usoni imechorwa kitu kama ua. Spana ikawa inazunguka tu.

Spea ninayo, imening'inia mlango wa nyuma, imejaa upepo. Haina kazi.

Aliyeniokoa ni kijana wa pancha. Aliinua gari kwa jeki, akazungusha tairi taratibu mpaka akauona msumari, akaziba tundu kwa utambi wa mpira bila kuvua tairi. Nikampa 5,000 na ya soda. "Bosi, hizo ni nati za loki," akaniambia. "Ufunguo wake umebaki Japani huo."

Kwa asiyezijua: katika nati tano za kila tairi, moja inakuwa na mchoro wake wa pekee, na inafunguliwa kwa kichwa kidogo cha chuma kinachoingia kwenye mchoro huo. Mwizi akija na spana ya kawaida, anakwama. Kichwa kikipotea, mwizi ni wewe. Nilipekua chini ya viti, kwenye mfuko wa jeki, kwenye kabati la dashibodi. Nikaambulia kitabu cha Kijapani na sarafu ya yeni 10.

Gereji ya kwanza ilinitia hasara. Fundi aliishika nati kwa patasi na nyundo, akaichonga pembeni ili izunguke. Haikusogea, ila rimu ilipata mkwaruzo ninaouona mpaka leo kila nikiosha gari. Akashauri tuichome kwa gesi. Nikamwambia ashushe jeki. Rimu ni ya alumini, rangi ingebabuka, na nyuma yake kuna beringi yenye grisi.

Wa pili, Gerezani, ndiye aliyenifanya niandike haya. Bei yake elfu kumi kwa nati, ikigoma hulipi. Alianza na soketi kuukuu ya meno kumi na mawili, ndogo kidogo kuliko nati, akaigongelea kwa nyundo mpaka ikakaza. Akachomeka spana, akavisha bomba refu kwenye mpini, akalilalia kwa uzito wote. Mbili zikatoka hivyo. Ya tatu ikala meno ya soketi, yakabaki laini kama yamepigwa msasa.

Hapo ndipo alipotoa soketi za kung'olea, na kama utanunua kitu kimoja baada ya kusoma hapa, nunua hizo. Ndani zina msokoto wa kinyume: kadiri unavyozungusha kufungua ndivyo zinavyozidi kuuma chuma. Lakini lazima uzigonge kwanza mpaka zizame sawasawa, la sivyo zitaparaza tu. Ilipoachia ilitoa mlio mkavu, nikadhani stadi, ile bolti inayoshika nati, imekatika. Haikukatika. Ilikatika ya nati ya nne, na kubadilisha stadi ikaongeza saa nzima na pesa. Hilo simlaumu, kutu ilikuwa imeshamaliza kazi. Kuna kijana jirani alitaka kutusaidia kwa mashine ya upepo, fundi akamfukuza. Mashine ile inapigapiga, hata ukiwa na ufunguo halisi inaweza kuupasua.

Kisha akaniuliza kama aniuzie seti mpya ya loki. Nikakataa. Kwangu wezi wameshachukua kioo cha pembeni mara mbili, tairi hawajawahi kuzigusa. Na kama fundi ameng'oa nne kwa nyundo na kifaa kinachouzwa hadharani Kariakoo, mwizi aliyeikusudia rimu atashindwa nini? Shemeji yangu ana Harrier yenye rimu za bei mbaya na inalala nje, yeye simshauri aziondoe. Nilichomwambia ni kwamba awe na ufunguo mmoja garini na mwingine nyumbani, na azikaze kwa spana ya mkono, si kwa mashine.

Ukinunua nati za kawaida, angalia zinavyokaa. Rimu nyingi za alumini za Toyota za kiwandani zinataka nati yenye shingo na washa bapa, rimu za dukani nyingi zinataka yenye ncha ya koni. Niliuziwa za koni, nikarudi kuzibadilisha. Fundi alitaka pia kupaka grisi kwenye nyuzi za stadi. Tukabishana kidogo, mwishowe akazisugua kwa brashi ya waya tu, maana nyuzi zikiwa na grisi unakaza kupita kiasi bila kujua. Rav4 hii inataka nati zikazwe kwa 103 Nm (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukazia), si nguvu za bomba lile.

Soketi za kung'olea nimejinunulia seti yangu, na fundi bado ananidai moja. Nati ya nne ilinasa ndani ya ya kwake, tumeigonga kwa tindo pande zote mbili na haitoki.