Askari wa doria Lamu: mzigo mwepesi au risasi tele?

Magazini (kasha la risasi) moja ya bunduki ya AK-47 yenye risasi 30 hukaribia kilo moja. Ukibeba mbili, hutazihisi sana. Ukibeba saba, na fulana ya kuzuia risasi juu yake, jua la saa saba litakukumbusha kila hatua.

Kwa mwendo, wepesi unashinda. Vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, vimebana hata punda hupishana kwa taabu. Na kupanda mashua na fulana nzito kifuani kunanitia hofu: ukiteleza majini, unazama.

Kwa uhakika wa kutoishiwa, mambo hugeuka. Barabara ya kutoka mji wa Hindi, Lamu bara, kwenda Kiunga, upande wa msitu wa Boni, imetegwa mabomu mara nyingi, na msaada huwa mbali. Huko risasi za akiba, bandeji na maji ni uhai. Maji hasa: lita moja nayo ni kilo, na anayeyapunguza ili risasi zienee anakosea.

Matunzo? Chumvi ya bahari hula chuma. Kila magazini ya ziada yataka kufutwa na kupakwa mafuta.

Wa mjini, magazini mbili na redio nzuri zamtosha. Wa Boni, sina moyo wa kumwambia apunguze. Gari limbebee nusu.